Breki ya Mkono

Mara ya tatu Ruqayya kuandika neno "breki" katika daftari la hitilafu ilikuwa Jumatatu jioni. Jumanne alfajiri alipofika depo, aliikuta tramu namba saba imeshatolewa nje, taa zake za manjano zinawaka, inamngoja yeye. Akafungua daftari. Kando ya mwandiko wake palikuwa na alama ya tiki na sahihi asiyoijua ni ya nani.

Alipanda, akazungusha gurudumu la breki ya mkono mpaka likakaza, akaliachia. Jino la chuma linalolizuia lisirudi nyuma likashika. Akarudia, likashika. Mara ya tatu likateleza pengo moja, ndipo likashika.

"Kuna shida?" Gilbert aliuliza kutoka chini, mvuke ukimtoka mdomoni.

"Jino bado linateleza."

"Fundi aliliangalia jana. Na hiyo breki ya mkono unaitumia lini, Ruqayya? Breki zako ni za upepo. Twende kazi, watu watachelewa."

Gilbert alikuwa msimamizi wa depo, na ndiye aliyemshika mkono Ruqayya hadi akapata kazi hii. Miaka minne Ruqayya alifunga mizigo ghalani, shifti ya jioni, akirudi nyumbani anamkuta mwanawe Sumayya ameshalala. Siku aliyofanya mtihani wa leseni ya basi, Gilbert, Mkenya mwenzake huku ughaibuni, alimwambia kuna kampuni inafufua tramu za zamani na inatafuta madereva wenye subira. Subira Ruqayya alikuwa nayo tele. Sasa picha yake, na ushungi wake wa buluu, ilibandikwa katika kila kituo kuanzia Columbia Heights hadi katikati ya mji.

Tramu zenyewe zilikuwa sita. Ziliundwa miaka ya arobaini, zikastaafishwa, zikaoza mabandani mpaka watu wenye mapenzi nazo walipozikwangua kutu. Zilikuwa na viti vya mbao, mikanda ya ngozi ya kushikilia, na kengele ya kugongwa kwa mguu. Kampuni ilipewa mwaka mmoja wa majaribio, zibebe watu wa kila siku wanaokwenda kazini, si watalii. Mwaka huo ulikuwa ukingoni. Alhamisi saa kumi alasiri kamati ya usafiri ingekaa na kuamua kama ziendelee au zipishe mabasi mapya.

Abiria hawakuwa na kauli moja. Wako waliosema hawajapata kuwajua majirani zao mpaka walipoanza kukaa nao benchi moja ndani ya tramu. Na wako waliokuwa kama Nkatha, muuguzi kutoka Meru, ambaye kila asubuhi alipanda kituo cha kwanza, akakaa nyuma ya dereva na kuanza kutazama saa.

"Dada, mimi hii kitu yako naipenda sana Jumapili," alisema asubuhi hiyo akivua glavu. "Jumatatu mpaka Ijumaa nataka tu kufika. Leo nina handover ya zamu saa moja kamili. Nikichelewa, mwenzangu aliyekesha haendi nyumbani."

"Utafika," Ruqayya alimjibu.

Ilikuwa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Theluji barabarani ilikuwa imeganda ikawa ngumu kama saruji, na reli zilikuwa zikilia kwa sauti nyembamba ambayo Ruqayya hakuipenda. Kituo cha tatu kilikuwa pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea mjini. Hapo, chini ya taa, alikuwa akingoja Mzee Zachariah katika kiti chake cha magurudumu, blanketi juu ya goti moja. Mguu wa kushoto ulikatwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikwenda kliniki kusafishwa damu, na hakukubali kwenda na chombo kingine chochote isipokuwa tramu. Alikuwa fundi wa reli pale Voi miaka thelathini na moja.

Ruqayya alisimamisha tramu, akafunga breki za upepo, kisha akazungusha na ile ya mkono mpaka mwisho. Jino likashika. Akaenda nyuma, urefu wote wa tramu, hadi kwenye mlango uliowekewa lifti ya kupandishia viti vya magurudumu. Lifti hiyo ilikuwa ngeni ndani ya tramu ile, kitu cha juzi kilichofungwa kwenye chuma cha zamani, na siku njema ilichukua dakika sita.

"Umeamkaje, mwanangu?" Mzee Zachariah aliuliza akijisukuma juu ya bamba la lifti.

"Salama, Mzee. Shikilia vyuma."

Akabonyeza kitufe. Bamba likapanda, likafika usawa wa kiuno, likatoa mlio kama wa mtu anayekohoa, likasimama. Akabonyeza tena. Kimya. Mzee Zachariah alikuwa amening'inia nje ya tramu, upepo unampiga usoni, hawezi kupanda wala kushuka.

Ruqayya alishuka kwa mlango wa mbele, akachomeka mpini wa pampu ya dharura na kuanza kupampu. Mafuta yalikuwa mazito kwa baridi, na kila alipokandamiza, bamba lilipanda upana wa kidole tu. Ndani ya tramu watu walianza kugeuka. Mwanamume mmoja wa Kongo, Bonheur, fundi wa mabomba aliyezoea kupanda na mkoba wake wa vyuma, alishuka akaushika mpini upande wa pili.

"Tusukume pamoja, mama. Moja, mbili."

Walisukuma. Vidole vitatu, vinne. Hapo ndipo Ruqayya alipogundua kitu ambacho hakikuwepo. Kila baada ya dakika mbili, mashine ya upepo chini ya tramu huamka na kugonga tak-tak-tak, inajaza breki. Hakukumbuka mara ya mwisho kuisikia. Alichokisikia sasa ni mfyonzo mdogo, sssss, upepo unavuja mahali, na upepo ukiisha breki hizo huachia.

"Nkatha!" alipiga kelele. "Angalia saa ya upepo pale mbele, ile ya kioo! Mshale uko wapi?"

"Uko kwa arobaini!" Nkatha alijibu. Kisha, sauti yake ikibadilika, "Thelathini na tano. Dada, unashuka!"

Ruqayya alitazama chini ya mteremko. Hatua tatu mbele ya bamba la lifti, kando kabisa ya barabara, ilisimama nguzo ya chuma ya alama za kituo. Bamba lilikuwa limejitokeza nje kwa urefu wa mkono mzima. Tramu ikisogea, bamba lingeifuata nguzo ile moja kwa moja, na Mzee Zachariah angekuwa katikati.

Yeye naye aliiona. Aliifumba mikono yake juu ya vyuma vya pembeni na kumtazama Ruqayya.

"Bonheur, mshike! Usimwachie!"

Alikimbia. Alikuwa ameweka mguu kwenye ngazi ya mbele aliposikia kra! ya jino kuruka, na gurudumu la breki ya mkono likaanza kujizungusha kinyume lenyewe, mwanzo taratibu, kisha kwa fujo. Tani kumi na tisa za chuma zikajongea. Nyuma mtu alipiga ukemi. Ruqayya alilirukia gurudumu lile kwa mikono miwili. Likamvuta bega, likampiga mpini kwenye kifua, akalikumbatia kama mtu anayemkumbatia ng'ombe mkaidi na kulirudisha. Robo mzunguko. Nusu. Magurudumu chini yakalalamika juu ya barafu, yakateleza, yakashika.

Tramu ikasimama.

"Kabari!" alipaza sauti. Hakuthubutu kuachia. "Chini ya kiti changu, zile mbao mbili! Zitieni mbele ya magurudumu!"

Nkatha alizivuta, akashuka nazo na kulala juu ya theluji na koti lake jeupe la kazini, akazisukumiza chini ya chuma kwa kisigino cha kiatu. Wanafunzi wawili wa chuo wakashuka kumsaidia Bonheur. Walimnyanyua Mzee Zachariah na kiti chake, wakampitisha juu ya ukingo na kumwingiza ndani. Kanuni ya kampuni ilisema abiria haguswi na mtu. Hakuna aliyeikumbuka.

Ruqayya alipoweza hatimaye kushuka, alikwenda kutazama. Kati ya ukingo wa bamba na nguzo ulibaki upana wa kiganja. Aliweka kiganja chake pale, kikaenea barabara.

Basi lilikuja kuwachukua abiria baada ya dakika thelathini na tano. Nkatha hakusema neno juu ya handover yake. Alikuwa amevishika vidole viwili vya Mzee Zachariah, vilivyokuwa vyeupe kama nta, akivipasha kwa viganja vyake, na alipokuwa anashuka alimwambia Ruqayya kwa sauti ya chini tu, "Hii si kitu ya kunyamazia."

*

"Andika baridi," Gilbert alisema.

Walikuwa ofisini mwake adhuhuri hiyo, fomu ya ripoti kati yao juu ya meza. Ruqayya alikuwa na kifuko cha barafu begani.

"Baridi haikurusha jino."

"Baridi iligandisha bomba la upepo, baridi ikaifanya lifti nzito. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli. Na breki ya mkono niliiandika mara tatu."

Gilbert alikwenda kuufunga mlango. Alipogeuka, Ruqayya aliona kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

"Sikiliza, dada yangu. Ile tiki ni yangu. Fundi hakuiangalia, alikuwa na tramu nyingine mbili mbovu. Sina mafundi wa kutosha, na vipuri vya hizi gari havitengenezwi tena popote, lazima tuvichonge wenyewe. Saa hii ninapozungumza, jino jipya limeshawekwa. Namba saba ni salama. Ukiandika breki, Alhamisi watafunga line yote. Madereva kumi na wawili. Mafundi. Wewe na Sumayya wako. Utarudi ghalani?"

"Na hizo nyingine tano?"

"Tutaziangalia zote. Nakupa neno langu. Waache wapige kura kwanza."

Ruqayya aliitazama ile fomu. Alimfahamu Gilbert, angeziangalia kweli. Angeziangalia mpaka siku atakapobanwa tena na kazi, akaweka tiki.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Jumatano baada ya swala ya alasiri alikwenda kumjulia hali Mzee Zachariah katika nyumba ya kupanga ya mwanawe, nyuma tu ya barabara kuu. Vidole vilikuwa vimefungwa bandeji. Mzee alimkaribisha chai, akataka habari za Sumayya, za shule, za mvua za kwao Mombasa, za kila kitu isipokuwa jambo lile. Mwisho akaweka kikombe chini.

"Gilbert alinipigia. Kesho niko katika orodha ya wazungumzaji. Kampuni imenichagua niseme kwa niaba ya abiria."

"Utasema nini?"

"Nitasema ukweli. Kwamba ndani ya basi hunifunga kamba, wakanitazamisha nyuma kama mzigo, na hakuna anayejua jina langu. Kwamba ndani ya tramu nasalimiwa. Kwamba nimeishi na reli maisha yangu yote na sasa, mwisho mwisho huu, Mungu amenirudishia."

"Na ya jana, Mzee?"

"Ya jana ilikuwa kitu kidogo."

"Mzee, ilikuwa kiganja!"

"Nimesema kitu kidogo!" Sauti yake ilipanda hadi mkwewe akachungulia kutoka jikoni. Mzee akashusha pumzi. "Mimi ndiye niliyekuwa juu ya lile bamba. Si wewe. Kama mimi nimesamehe, wewe unamshtakia nani? Usiniharibie, mwanangu. Nakuomba kama mzazi."

Ruqayya alitembea hadi nyumbani badala ya kungoja basi, ile fomu ya ripoti ingali tupu mkobani. Alikuwa amejiandaa kubishana na Gilbert. Kubishana na aliyeumizwa, hilo hakuwa amejiandaa nalo. Usiku alimsikia Sumayya akimwambia rafikiye kwenye simu, kwa Kiingereza chake cha huku, kwamba mama yake ndiye yule wa kwenye bango.

*

Ukumbi ulijaa. Watu wa mapenzi ya tramu walikuja na kofia za zamani za makondakta. Waliotaka mabasi walikuja na vitambulisho vya kazi shingoni, wengine wametoka shifti moja kwa moja. Gilbert alikaa safu ya pili. Nkatha alisimama nyuma, karibu na mlango.

Mzee Zachariah alizungumza dakika tatu na hakukosea neno. Alieleza karakana ya Voi, alieleza mguu wake, alieleza kusalimiwa. Aliposema, "Ndani ya tramu mimi ni abiria, si kazi ya ziada," ukumbi ulipiga makofi, na mjumbe mmoja wa kamati akavua miwani kufuta macho. Kuhusu Jumanne hakutaja chochote.

Kisha wakaitwa madereva, na kwa kuwa picha yake ilikuwa kwenye mabango, Ruqayya akawa wa kwanza.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye mvi na sauti ya upole, alimuuliza maswali mepesi. Ameendesha kwa muda gani? Anaipenda kazi yake? Ruqayya alijibu.

"Na kuna jambo lolote la usalama ambalo kamati inapaswa kulijua?"

Hilo ndilo swali ambalo Gilbert alikuwa amemwambia alijibu kwa neno moja tu: hakuna. Ruqayya aliona kichwa cha Gilbert kimeinama. Alimwona Mzee Zachariah, amekaa wima, hamtazami.

"Liko," alisema.

Akasimulia. Hakuongeza chumvi. Alitaja mshale wa upepo, jino, nguzo, kiganja. Alitaja mara tatu alizoandika daftarini. Hakutaja tiki ni ya nani, lakini mjumbe mmoja alimuuliza waziwazi, naye akamjibu. Ukumbi ukaanza kuvuma kama mzinga, na mwenyekiti akagonga meza.

"Hiyo breki imetengenezwa?"

"Ya namba saba imetengenezwa. Jumanne hiyo hiyo mchana."

"Basi unatuambia kwamba tramu hizi hazifai?"

Ruqayya alimtazama Mzee Zachariah, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Nazipenda," alisema. "Hakuna asubuhi niliyopanda ile namba saba bila kufurahi. Lakini mwanzo zilikuwa na karakana nzima nyuma yake, na fundi kwa kila gari. Sasa zina mafundi wawili. Siku ya Jumapili ikiharibika, watu wanapiga picha na kungoja. Jumanne ikiharibika, kuna mgonjwa anayengojwa na mashine ya kusafisha damu, na kuna muuguzi aliyekesha hawezi kwenda nyumbani mpaka mwenzake afike. Mimi siwezi kuwaambia watu hao wanivumilie kwa sababu viti vyangu ni vizuri. Kama mna mafundi wa kunipa, nipeni, nitaendesha mpaka nizeeke. Kama hamna, msiwape watu wa kila siku."

Kura zilikuwa tano kwa mbili. Tramu zote sita zikaguliwe, kisha zitembee Jumapili na sikukuu tu. Siku za kazi, mabasi.

Nje ya ukumbi Gilbert alimpita bila kumtazama, akarudi hatua mbili. "Ungeweza kusema hukumbuki," alisema. "Mtu yeyote angekuelewa." Hakungoja jibu. Wiki iliyofuata aliondolewa usimamizi. Ruqayya alilia alipopata habari hiyo, jikoni, bomba la maji limefunguliwa ili Sumayya asisikie.

Mzee Zachariah hakumsemesha kabisa. Mwanawe alimsukuma mpaka garini, na mlango ukafungwa.

*

Ghalani hakurudi. Idara ya mabasi ilikuwa na uhaba wa madereva, na katikati ya Februari Ruqayya alikabidhiwa basi jipya katika barabara ile ile. Sakafu yake ilikuwa chini, karibu na ardhi. Halikuwa na kengele ya mguu, na watu walipanda wamejiziba masikio kwa spika ndogo, kila mmoja na dunia yake. Nkatha peke yake ndiye aliyemkumbatia siku ya kwanza. Alifika kazini dakika ishirini kabla ya wakati na akasema hajui azifanyie nini.

Mzee Zachariah alikuwa kituo cha tatu. Ruqayya alifungua mlango, daraja dogo likajikunjua hadi chini, naye akajisukuma mwenyewe mpaka ndani. Ilichukua nusu dakika. Hakumjibu salamu. Alikaa mahali pake, akaangalia dirishani. Ikawa hivyo Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, na Jumanne nyingine. Ruqayya aliendelea kumsalimu kila siku, sauti ile ile, kama vile atajibiwa.

Mwanzoni mwa Machi, siku ya mvua ya barafu, basi lilikuwa karibu tupu. Walipokuwa wamesimama kwenye taa nyekundu, alisikia sauti yake nyuma.

"Miaka thelathini na moja niliwaambia watu gari la reli halitembei lenyewe."

Ruqayya alimtazama kwenye kioo.

"Niliwaambia wapandishe watoto wao bila hofu. Nilizifunga breki hizo kwa mikono yangu. Halafu siku ile pale juu..." Taa ikawa kijani, na Ruqayya akaondoa basi taratibu. "Niliogopa, Ruqayya. Niliogopa kama mtoto. Niliita jina la mama yangu. Ulinisikia?"

"Sikusikia, Mzee."

"Mkongo alisikia. Nilipofika nyumbani nikajiambia ilikuwa kitu kidogo, kwa sababu kama si kidogo, basi mimi nilidanganya watu miaka yote hiyo."

"Hukuwadanganya. Wewe ulikuwa unazikagua."

Wipa zilikuwa zikisukuma matope ya barafu kutoka upande huu kwenda ule. Walipofika mbele ya kliniki, Ruqayya alisogeza basi mpaka karibu kabisa na ukingo, akateremsha daraja. Mzee Zachariah alijisukuma nje, akageuza kiti chake kumwelekea.

"Alhamisi nitakuwa nimechelewa kidogo kituoni," alisema. "Mwanangu ana shifti ya asubuhi. Dakika mbili tatu hivi."

"Ratiba hainiruhusu kungoja, Mzee."

"Najua hairuhusu."

"Basi wahi," Ruqayya alisema, na mzee akacheka, mara ya kwanza tangu Januari, akajisukuma kuelekea mlango wa kliniki.